Dubwana na Sharti Lake: Uteuzi wa Vitabu vya Nyongeza katika Michezo ya Njozi

Mchezo wa njozi wa mezani ni usimulizi wa pamoja: wachezaji huvaa nafsi za wahusika, dadu huamua majaaliwa yao, na msimulizi mkuu huwawekea vikwazo. Aghalabu vikwazo hivyo hutolewa katika vitabu vya madubwana. Swali la kihakiki ni hili: kitabu cha nyongeza kipimwe kwa kigezo gani?

Monster Manual cha Gary Gygax (1977) kilikusanya madubwana zaidi ya 350, kila moja na tarakimu za nguvu na kinga yake. Huo ndio msingi. Fiend Folio (1981), kilichotokana kwa kiasi kikubwa na michango ya wasomaji wa White Dwarf, jarida la Uingereza, kiliongeza idadi. Hata hivyo, miongoni mwa viumbe wake waliodumu ni githyanki wa Charles Stross, nao wana historia: ni watumwa walioasi. Wingi, basi, si hoja.

Chukulia kundi linaloweka kisa chake Shelly Beach, kusini mwa kivuko cha Likoni. Myths and Legends of the Bantu cha Alice Werner (1933) kinamtaja katsumbakazi wa Wagiriama, ambao ni Wamijikenda kama Wadigo wa Likoni. Pepo huyu mfupi humuuliza anayekutana naye alimwonea wapi. Anayejibu kuwa ni papo hapo hupatwa na balaa. Anayedai kumwona tangu mbali husalimika. Hapa upanga haufui dafu. Kinachookoa ni jibu.

Vivyo hivyo nunda, katika hadithi ya Sultani Majnuni iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Alianza kuwa paka wa sultani, akaachiliwa kila alipoua, hata akawala wana wa sultani mwenyewe. Kumpa nunda tarakimu tu ni kumfuta sultani, na pamoja naye maana ya hadithi.

Yaweza kupingwa kwamba Werner na Steere hawakuandikia mchezo. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini tarakimu huweza kuazimwa katika kitabu cha msingi. Sharti la dubwana haliazimiki. Wahenga nao walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha: walitaja kujuana, hawakutaja silaha. Msimulizi mwenye fedha za kitabu kimoja cha nyongeza na achague kinachoeleza dubwana linataka nini.