Manowari na Bomba Tatu: Juu ya Kukisia Asili ya Maneno

Mtu akitaka kujua neno limetoka wapi, njia iliyo rahisi ni kulikata vipande na kukisia. Nasi walimu twaipenda njia hiyo kuliko watu wengine, maana mbele ya watoto twaona aibu kusema hatujui. Leo twataka kuihukumu desturi hiyo, na yatupasa kuanza na kosa tulilolifanya sisi wenyewe hapa Kibiti.

Wasomaji wa pande zetu wamekwisha kusikia habari za meli ya vita ya Wadachi iliyojificha katika midomo ya Rufiji. Jina lake Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikaingia katika mikoko, milingoti yake ikafunikwa kwa matawi. Ilikaa huko hata tarehe 11 Julai 1915, ilipoharibiwa. Mizinga yake 10 iliondolewa ikapiganiwa barani, na mmoja upo Mombasa hata leo. Watu hawakuiita Königsberg. Waliiita Manowari na Bomba Tatu.

Siku moja tuliwapa wanafunzi wetu swali: Kwa nini iliitwa hivyo? Jibu letu lilikuwa tayari, ya kuwa bomba ni bomu, na meli ile ilipiga mabomu matatu huko Unguja. Mtoto mmoja, mwenyeji wa upande wa Nyamisati, aliandika ya kuwa bibi yake amesema bomba ni dohani ya kutolea moshi. Tukamtia alama ya kosa.

Baada ya siku chache bibi yule alifika shuleni kwa shauri jingine. Alipokwisha kuamkiwa na kupewa kiti, akatuuliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo meli uliiona?"

Tukajibu, "La, bibi, hatukuiona."

Akasema, "Mimi nami sikuiona. Lakini mama yangu aliiona alipokuwa mtoto, akahesabu."

Tuliona haya, tukarudi kuchunguza. Königsberg ilikuwa na dohani tatu. Pegasus ilikuwa nazo mbili. Chatham, meli ya Waingereza iliyokuja kuitafuta mwisho wa Oktoba 1914, ilikuwa na nne. Basi jina lile lilikuwa na kazi. Mvuvi aliyeona moshi kwa mbali hakuweza kusoma maandishi ya Kidachi ubavuni. Alihesabu dohani, akajua ni nani anayepita. Nasi tulikuwa tumelifanya kuwa hadithi ya mizinga.

Hata sarufi ilitushuhudia, kama tungalitaka kuisikiliza. Bomu wingi wake ni mabomu, na mabomu huwa matatu. Aliyesema bomba tatu hakuwa akisema habari za mabomu. Tena bomba ni neno tulilolipata kwa Wareno, kama meza na bendera, na kazi yake tangu zamani ni kupitisha maji au moshi. Manowari nalo latoka kwa mabaharia wa Kiingereza, ambao kwao ni meli ya vita. Hivyo meli ya Wadachi ilipewa jina la Kiingereza na Kireno katika kinywa cha Mswahili, na kila aliyelisikia pwani alilielewa. (Vijana wa siku hizi husema kitu kizuri sana ni bomba. Twaogopa ya kuwa baada ya miaka 50 mwalimu mwingine atawaambia watoto kwamba wazee waliisifu meli ile kwa uzuri.)

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Wamarekani wana neno lao OK, ambalo hata huku limeingia, na walishindana juu yake muda mrefu sana. Wengine walisema ni la Wahindi Wekundu wa kabila la Choctaw, wengine ni herufi za jina la karani fulani wa reli. Mtaalamu mmoja, Allen Walker Read, hakukisia. Alifunua magazeti ya zamani moja moja. Mwaka 1963 na 1964 akatangaza alichokiona: neno lilichapwa Boston mwaka 1839 kwa mzaha, maana waandishi walikuwa wakiandika makusudi kwa makosa maneno ya kusema "yote sawa" na kushika herufi za kwanza. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Van Buren walilieneza, kwa kuwa jina lake la utani lilikuwa na herufi zizo hizo.

Sisi hatuna magazeti ya namna hiyo ya kufunua. Tunao wazee. Walakini mzee naye apimwe. Hamed bin Muhammed, aliyefariki mwaka 1905, alieleza ya kuwa jina lake Tippu Tip ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa kupepesa macho. Neno la mwenyewe lina uzito, lakini ni mtu gani atakayechagua kupepesa macho akiwa na bunduki?

Na jina likiwa la kweli siku ya kwanza, huenda lisiwe la kweli baadaye. Nguo ya merikani ilitoka Marekani kweli, hasa kwa wafanya biashara wa Salem, waliozidi kufika Unguja baada ya mkataba wa mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowazuia Wamarekani, mwaka 1861 hata 1865, biashara yao ilipungua sana. Baadaye viwanda vya Bombay vikaleta nguo ya mfano ule, nayo ikaitwa merikani vile vile. Anayelitazama jina tu atamtafuta mfumaji katika nchi isiyo yake.

Tulimwomba mtoto yule daftari lake, tukaifuta alama ya kosa mbele ya darasa zima. Sasa kila mwanafunzi huleta neno moja kutoka nyumbani, akaandika nani alilisema, na katika kijiji gani. Bibi wa Nyamisati ametutumia salamu kwamba anayo mengine, hasa ya wakata boriti, lakini hatayasema kwa mjumbe. Masika yakipungua tutakwenda.