Sifa za Waya wa Milimita 31

Glaida ya rimoti inapoelea juu ya mlima wa Wasserkuppe, Ujerumani, macho ya watu huenda kwenye mabawa. Si ajabu: zipo zenye mabawa ya mita tatu hata nne, membamba, zinazopanda na hewa ya joto bila injini. Mimi sifa zangu nazipeleka ndani ya pua, kwenye waya mfupi ambao mtazamaji hauoni kabisa. Waya huo ukikatikiwa na mawimbi, mabawa yote yale ni mali ya upepo.

Zamani waya huo ulionekana. Redio za Ulaya zilitumia megahezi 35, zenye wimbi la zaidi ya mita nane, na antena ya kipokezi ilikuwa uzi wa karibu mita moja uliovutwa hadi mkiani. Siku hizi rimoti nyingi hutumia gigahezi 2.4. Wimbi lake ni kama sentimita 12 na nusu, na robo ya wimbi hilo, milimita 31, ndiyo ncha inayonasa mawimbi; kebo iliyobaki hupitisha tu. Waya umefupika, lakini kazi ya fundi imeongezeka, maana mawimbi mafupi huzuilika upesi.

Kizuizi kikubwa kimo ndani ya ndege yenyewe. Glaida za mashindano zimejaa nyuzi za kaboni, nyepesi na ngumu, ila zinapitisha umeme, hivyo huyakinga mawimbi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huiunda pua kwa faibaglasi au aramidi. Aliye na pua ya kaboni hutoboa tundu na kuitoa ncha nje, mbali na betri na nyaya za mota za usukani.

Kisha kuna suala la pembe. Antena hunasa vizuri ubavuni, lakini upande wa ncha ni kipofu: ni kama fimbo, ukiitazama kutoka kichwani unaona nukta tu. Na glaida inayozunguka kwenye hewa ya joto hulala, hugeuka, huonyesha tumbo, kisha mkia. Kwa hiyo fundi huweka antena mbili kwa pembe ya nyuzi 90. Moja ikipofuka, nyingine inaona. Mtazame kazini: anakata vijibomba viwili vya plastiki, anavigandisha kwa gundi ndani ya pua, anaingiza waya taratibu bila kuukunja kona kali. Hata ndege ikitua kwa kishindo, waya haubanduki.

Asipopima, hajamaliza. Uwanjani huiweka rimoti kwenye nguvu ya majaribio, mwenzake anaishika ndege na kurudi nyuma hatua kwa hatua, akiigeuza pua, ubavu, tumbo, mkia. Usukani ukisita upande mmoja, ndege inarudi mezani. Na rubani naye ana wajibu wake: asiielekeze ncha ya antena ya rimoti kwenye ndege, wala asiikinge kwa mwili wake.

Wapo wanaodhani dawa ni nguvu zaidi. Hesabu inawakatalia: hata mahali palipo wazi, nguvu ikiongezwa mara nne, umbali huongezeka mara mbili tu, na Ulaya sheria huzibana rimoti hizi kwenye miliwati 100. Umbali wa kutegemewa hutokana na mkono uliojua mahali pa kuweka waya.

Ufundi huu hauna makofi. Waya ukikaa sawa hakuna anayeutaja. Ukikaa vibaya, watu wanaingia msituni kutafuta vipande. Basi wewe unayerusha, usiibanie ndege yako dakika chache za kupima kila unapofika uwanjani. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa glaida iliyopoteza mawimbi angani, tiba haipo.