Nahau Bila Wenyewe: Uhakiki wa Kitabu cha Pedro Carolino

Miongoni mwa vitabu vilivyotungwa ili kumfunza Mreno lugha ya Kiingereza, pengine hakuna kilichochekwa kama kile cha Pedro Carolino, kilichopigwa chapa Paris mwaka 1855. Jalada lilitaja pia jina la José da Fonseca, ambaye alikwisha kutunga kitabu cha mazungumzo ya Kifaransa na Kireno. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba Fonseca hakushiriki, na kwamba Carolino, ambaye hakukijua Kiingereza, alikitumia kitabu hicho cha mwenziwe akiwa na kamusi ya Kifaransa na Kiingereza mkononi. Mwaka 1883 kazi yake ilitolewa tena London na Boston kwa jina la English as She Is Spoke, safari hii kwa ajili ya kuchekesha. Mark Twain ndiye aliyeandika utangulizi wa toleo la Boston.

Hatukatai kwamba kitabu kinachekesha. Lakini kicheko si uhakiki, na mwalimu wa lugha hana budi kuuliza kosa liko wapi hasa. Jibu la siku zote ni kwamba Carolino alifasiri neno kwa neno. Jibu hilo twaliona kuwa ni nusu ya ukweli.

Ni kweli kwamba mahali pengi ndivyo alivyofanya. Mreno akitaka kusema mvua ni kubwa husema chover a cântaros, yaani inanyesha kwa mitungi. Mwingereza husema inanyesha paka na mbwa. Carolino aliihamisha mitungi kama ilivyo, nayo ikamwagika njiani. Vivyo hivyo, Wafaransa wana usemi croquer le marmot, maana yake kungoja kwa muda mrefu bila kufanikiwa. Carolino alilitafutia kila neno mwenziwe, na mwanafunzi akaletewa Kiingereza cha kumtafuna kima mdogo.

Lakini tazama mfano wa tatu. Mreno husema kuta zina masikio, na Mwingereza husema maneno hayo hayo. Hapa tafsiri ya neno kwa neno ingemwokoa mtunzi. Badala yake aliandika kwamba kuta zina tetesi! Basi ugonjwa wake si ufuataji wa maneno tu. Ugonjwa ni kuwa hakuwa na njia ya kujua lini afuate na lini aache, kwani kamusi humpa mtu maneno bila kumwonyesha wayatumiao.

Hata maana ikipatikana, kazi haijaisha. Mreno ana usemi wa mzaha kuhusu kifo, bater as botas, yaani kupiga buti. Mwingereza naye husema mtu ameipiga teke ndoo. Maana ni moja, na hata heshima ni moja, yaani haipo. Mwanafunzi aliyefundishwa tu kwamba usemi huo ni sawa na kufa, akauandika katika barua ya rambirambi, atakuwa amepata maksi ya maana na kupoteza rafiki. Nasi twajua kwamba aliyeaga dunia na aliyekata kamba wote wamekufa, bali hatuwatangazi msibani kwa lugha moja.

Msamiati nao una mitego yake. Kwa Mreno, puxar ni kuvuta. Neno la Kiingereza linalokaribiana nalo kwa sauti, push, ni kusukuma. Mreno aliye constipado ana mafua. Neno lake pacha la Kiingereza humwambia daktari kwamba amefunga choo. Tusiwashangae. Neno letu gereza wataalamu hulihusisha na igreja, ambalo kwa Kireno ni kanisa. Maneno yakivuka bahari hubadili makazi na tabia.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Msumbiji, ambako Kireno ndicho lugha rasmi, imepakana na nchi zinazotumia Kiingereza, na tangu mwaka 1995 ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Mwanafunzi wa huko anakihitaji Kiingereza kwa biashara na kwa masomo, naye anastahili kitabu kilicho bora kuliko cha Carolino.

Tumpe Carolino haki yake: aliona kwamba nahau zastahili sura yake peke yake. Alichokosa ni mwenye lugha wa kumsahihisha. Lakini je, sisi tunaofundisha Kiswahili tumemzidi? Mara ngapi tunaandika ubaoni orodha ya nahau ishirini, kila moja na maana yake mkabala, kisha tukatunga mtihani? Mgeni akisoma kwamba fulani amekula chumvi nyingi, orodha itamwambia kuwa ni mzee. Haitamwambia nani husema hivyo, mbele ya nani, na kwa sauti gani.

Kwa hiyo twapendekeza kila nahau ifundishwe pamoja na msemaji wake, msikilizaji wake na mahali pake, na mwanafunzi aisikie katika mazungumzo kabla ya kutakiwa kuitungia sentensi. Orodha iwe kumbukumbu ya somo. Isiwe ndiyo somo lenyewe. Tukishindwa hilo, tutakuwa tunawalisha wanafunzi wetu kima yule yule.