Jina Likishapatikana

Vijana wa makanisa yetu wana mchezo wanaoucheza jioni katika makundi yao ya WhatsApp. Mmoja humweka moyoni mtu maarufu, na wenzake humwuliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana tu. Ni mwanamume? Yu hai? Ni Mwafrika? Amewahi kuwa rais? Anayelitaja jina kwanza ndiye mshindi, na zamu ya kutega huwa yake. Tumeucheza pamoja nao, na tunapenda kuupima kama unavyopimwa wimbo au igizo, kwa sababu mchezo nao hufundisha.

Mchezo huu si mgeni duniani. Redio ya Marekani iliutangaza ulio jamaa yake mwaka 1946, na BBC ikafuata mwaka 1947, kwa kikomo cha maswali 20. Kikomo hicho ni kikubwa kuliko kinavyoonekana: swali zuri huwagawa watu nusu kwa nusu, na ukigawa hivyo mara 20 waweza kumtoa mtu mmoja kati ya zaidi ya milioni. Basi mchezo humtunza anayesikiliza. Anayerukia jina mapema hushindwa, na asiyefuatilia majibu ya wenzake huuliza lililokwisha kujibiwa. Vikao vyetu vingi vingenufaika na nidhamu hiyo. Tena rafiki aliye Dubai kikazi na yule aliyebaki Tanga hucheka pamoja kwa bando dogo. Hatuoni sababu ya kuukemea madhabahuni.

Hata hivyo, mchezo huu una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba hauna nafasi kwa asiyejulikana. Mtege mchezaji wa Simba au Yanga, na maswali machache yatatosha. Mtege Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, na huenda kundi zima likakwama. Na yule kijakazi aliyemwambia bibi yake kwamba nabii wa Samaria angemponya Naamani? Huyo hategeki kabisa, maana Maandiko hayakututajia jina lake. Vivyo hivyo mjane wa senti mbili, na mvulana mwenye mikate mitano. Lakini kwa neno la kijakazi yule jemadari alipata njia ya kupona ukoma. Kijana anayecheza kila jioni hufundishwa kimyakimya kwamba asiye na jina kubwa hayupo, kisha hujipima mwenyewe kwa kipimo hichohicho. Tunawajua wanaohesabu wafuasi wao mtandaoni kabla ya kulala, na wakiona hesabu haikupanda hulala na huzuni.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Jina likishapatikana, mtu amekwisha. "Umepata! Anayefuata." Wazee wetu walipotega vitendawili, aliyeshindwa alitoa mji, ndipo mtegaji akatoa jibu na kulieleza. Aliyeambiwa kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai aliliangalia yai upya. Jibu lilimfumbua macho. Katika mchezo huu jibu huyafumba.

Hapo tunakumbuka Kaisaria Filipi. Bwana wetu aliwauliza wanafunzi watu walimdhania kuwa nani, na majibu yao yalikuwa orodha ya watu maarufu: Yohana Mbatizaji, Eliya, Yeremia. Watu walikisia kwa majina waliyokuwa nayo. Alipowauliza wao wenyewe, Petro alijibu sawasawa, akaitwa heri. Lau ungekuwa mchezo, ungeishia hapo kwa shangwe. Lakini katika sura hiyohiyo, Yesu alipoanza kusema juu ya mateso yake, Petro alimkataza, akakemewa vikali. Jina alilipata, njia ya mwenye jina hilo alikuwa bado hajaikubali. Ndiyo hatari ya Mkristo aliyejibu vema maswali yote ya kipaimara, akapokea cheti, akadhani amemaliza kumjua Kristo.

Basi na wacheze, ila tunaomba waongeze mambo mawili. Kwanza, mshindi asipewe zamu mpaka aeleze kwa maneno yake mtu huyo aliwafanyia nini wenzake, jema au baya, na sisi tujifunze nini kwake. Pili, siku moja katika juma wategwe watu wasio na umaarufu: kijakazi wa Naamani leo, na kesho yule mama anayefagia kanisa kila Jumamosi kabla hatujafika. Kundi likikwama kwake, basi Jumamosi waende mapema wakashike mifagio pamoja naye, wamwulize jina lake, kisha wakae wamsikilize.