Pongezi kwa Wapanki wa Jakarta

Anayewaona wapanki wa Jakarta, yaani wafuasi wa muziki wa panki, barabarani, nywele zimesimama na mikono imejaa tatuu, huwaita wahuni. Mimi nawaita mafundi. Bendi yao ya Marjinal ilianza mwaka 1997, Rais Suharto wa Indonesia akiwa bado madarakani, na nyumba ya jumuiya yake, Taring Babi, kusini mwa jiji, ni karakana zaidi ya kuwa ukumbi wa muziki. Humo vijana huchonga picha kwenye mbao, huchapa fulana na kuziuza, na watoto wa mitaani hufundishwa kupiga ukulele, gitaa dogo linalowawezesha kuimba na kupata riziki. Hawamsubiri mfadhili.

Watasema muziki wa panki unaharibu maadili. Kweli, wapo wanaolewa na kusumbua watu, nami sitawatetea. Lakini anayemfundisha mtoto asiye na kwao kazi ya mikono anafanya malezi, hata akiwa na pete puani. Wenye mamlaka hawakuliona hilo huko Banda Aceh, mji mwingine wa Indonesia: Desemba 2011, polisi waliwakamata wapanki 64 kwenye tamasha, wakawanyoa vichwa na kuwapeleka kambini kufundishwa adabu. Tamasha lenyewe lilikuwa la kuwachangia mayatima.