Aya Fupi na Usomekaji wa Habari za Michezo Magazetini

Katika kurasa za michezo za magazeti ya Kiswahili, aya imekuwa jina jingine la sentensi. Habari ya mchezo mmoja wa kandanda huweza kuwa na aya kumi na tano, na kila aya ikawa na sentensi moja tu. Desturi hii hutetewa kwa hoja kwamba aya fupi husomeka kwa urahisi kuliko aya ndefu. Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo kwa mizani ya Kiswahili chenyewe. Itadhihirika kwamba ufupi wa aya, ukifikishwa kwenye kiwango cha sentensi moja, huirefusha sentensi yenyewe. Na kwamba kinachopotea ni kile kinachomwezesha msomaji wa Kiswahili kukifuata kisa, yaani mfuatano wa vitenzi na viambishi vyake.

Jambo hili si dogo. Nchini Kenya gazeti la Taifa Leo, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, limekuwa kwa miongo mingi chemchemi kuu ya nathari ya Kiswahili inayotoka kila siku. Mashairi yake husomwa na washairi, na tahariri zake husomwa na walimu. Lakini ukurasa wa michezo ndio ambao kijana huusoma bila kuamriwa na mtu. Mazoea ya uandishi anayoyakuta hapo huingia katika insha zake pasipo yeye kutambua. Kwa hiyo aya ya ukurasa wa michezo ni suala la wanalugha pia, wala si la wahariri peke yao.

Chanzo cha desturi

Aya ya sentensi moja ilizaliwa na mahitaji ya uchapaji na ya chumba cha habari. Safu ya gazeti ni nyembamba. Ikichukuliwa kwamba mstari wa safu hubeba maneno manne ya Kiswahili na mstari wa kitabu hubeba kumi na mawili, aya ya maneno sitini itakuwa na mistari mitano katika kitabu na mistari kumi na mitano katika gazeti. Aya ile ile ambayo kitabuni ni ya kadiri, gazetini huonekana kama ukuta. Sababu ya pili ni kwamba habari za magazeti hupangwa jambo kuu likitangulia na madogo yakifuata, ili nafasi inapopungua mhariri aweze kukata kutoka chini. Aya fupi zinazojitegemea hukatika bila kuacha jeraha.

Sababu ya tatu ni tafsiri. Sehemu kubwa ya habari za ligi za Ulaya huwafikia wasomaji wa Kiswahili kutoka katika taarifa za Kiingereza za mashirika ya habari, nazo huja zikiwa zimekwisha kukatwakatwa. Mfasiri huhamisha maneno, na mara nyingi huhamisha pia umbo la ukurasa. Ndipo ilipoingia tabia ya kumwita mchezaji kwa sifa mpya katika kila aya: mara “nyota huyo”, mara “kinda huyo”, mara “mchezaji huyo mwenye umri wa miaka 24”. Msomaji asiyemfahamu mchezaji huyo hudhani watu ni watatu.

Kipimo kisichopima

Wanaotetea aya fupi hupenda kuutaja utafiti wa usomekaji uliofanywa Marekani. Kanuni iliyopata sifa zaidi ni ile ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948. Kanuni hiyo huanza na 206.835; kutoka hapo huondolewa wastani wa maneno katika sentensi ukizidishwa kwa 1.015, kisha wastani wa silabi katika neno ukizidishwa kwa 84.6. Matokeo yakikaribia 100, matini huhesabiwa kuwa rahisi. Yakikaribia 0, huhesabiwa kuwa ngumu mno.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba aya haimo kabisa katika kanuni hiyo. Kinachopimwa ni sentensi na neno. Mtu anayeikata aya bila kuifupisha sentensi hajapata chochote kwa kipimo hicho anachokitegemea. La pili ni kwamba kanuni ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake ya kawaida mengi ni ya silabi moja. Itazamwe sentensi hii: “Mchezaji alimpigia mwenzake mpira.” Mtoto wa darasa la pili anaielewa. Ina maneno 4 na silabi 16, yaani wastani wa silabi 4 kwa neno. Ikipimwa kwa kanuni ya Flesch, inapata takribani 136 chini ya sifuri. Kosa si la sentensi. Neno “alimpigia” limebeba mtenda, wakati, mtendewa, kitendo na kauli ya kutendea, mambo ambayo Kiingereza huyagawa katika maneno kadhaa. Ugumu na wepesi wa Kiswahili, basi, hauna budi kutafutwa mahali pengine.

Mfuatano uliokatwa

Mahali penyewe ni uhusiano wa kitenzi na kitenzi. Mifano miwili ifuatayo imetungwa kwa madhumuni ya makala haya, wala haikunakiliwa kutoka gazeti lolote. Lakini mfano wa kwanza unafuata mtindo ambao msomaji yeyote wa magazeti ataufahamu.

“Mshambuliaji wa timu ya wenyeji alipata nafasi nzuri katika dakika ya 70 alipoupokea mpira kutoka kwa kiungo wao.

“Mchezaji huyo mwenye kasi alimpita beki mmoja kabla ya kupiga mkwaju mkali uliogonga mwamba wa lango huku mlinda lango wa wageni akiwa ameshapotea njia.

“Hata hivyo, beki wa wageni aliwahi kuuondoa mpira huo uliokuwa ukielekea kwa winga wa wenyeji ambaye alikuwa peke yake.”

Kisa hicho hicho chaweza kuelezwa katika aya moja:

“Katika dakika ya 70 kiungo wa wenyeji alimpenyezea mshambuliaji wao mpira. Huyu akaupokea, akampita beki mmoja, akapiga mkwaju. Mlinda lango alikwisha kupotea njia, lakini mpira ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani. Winga wa wenyeji alikuwa peke yake. Kabla hajaufikia, beki mwingine akauondoa.”

Mfano wa kwanza una aya tatu, sentensi tatu na maneno 61. Wastani wa sentensi ni maneno 20. Mfano wa pili una aya moja, sentensi tano na maneno 40. Wastani ni maneno 8. Aya fupi ndizo zilizozaa sentensi ndefu, na sababu yake ni wazi. Mwandishi aliyejifunga kwa sentensi moja katika kila aya hulazimika kuyasomba ndani ya sentensi hiyo mambo yote ya tukio. Hana mahali pengine pa kuyaweka. Ndiyo maana mfano wa kwanza umejaa virejeshi: alipoupokea, uliogonga, uliokuwa, ambaye. Katika mfano wa pili hakuna hata kimoja.

Tofauti kubwa zaidi iko katika kiambishi -ka-. Mfano wa pili unacho mara sita. Wa kwanza haunacho kabisa. Kiambishi hiki hakisimami peke yake. Huegemea kitenzi kilichotangulia, ambacho kwa kawaida huwa na -li-, na humwambia msomaji kwamba tendo hili lilifuata lile, na mara nyingi kwamba lilitokana nalo. Mwandishi akiweka mwanya baada ya kila sentensi, huogopa kuanza aya mpya kwa “akapiga” au “ukagonga”, naye hurudi kwenye -li- kila mara. Matendo yaliyofuatana uwanjani huwa yamepangwa bega kwa bega kama bidhaa dukani, kila moja na bei yake. Kandanda, mchezo ambao uhai wake wote umo katika kufuatana kwa matendo, hunyimwa chombo ambacho lugha imekiweka tayari kwa kazi hiyo.

Ngeli nazo huathirika. Mpira, mkwaju na mchezo ni vya ngeli moja, na vyote huchukua u-. Ndani ya aya moja msomaji hana shaka kwamba kilichogonga mwamba ni mpira. Aya ikivunjwa, u- hupoteza kitu inachokirejelea, na mwandishi hulitaja jina upya kwa kuongeza “huo” au “hiyo”. Mrundiko wa viashiria katika habari za michezo ni fidia ya mwandishi kwa kiungo alichokikata mwenyewe.

Hoja na aya

Hasara hiyo huzidi pale habari inapotaka kueleza sababu. Mwaka 1987 Gor Mahia ya Kenya ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika bila kuishinda Espérance ya Tunisia katika mchezo wowote kati ya miwili ya fainali. Mchezo wa Tunis ulimalizika kwa mabao 2-2. Wa Nairobi ukamalizika kwa 1-1. Jumla ikawa 3-3, lakini kanuni ilisema kwamba jumla zikilingana, mabao ya ugenini ndiyo yatakayoamua. Gor Mahia ilikuwa imefunga mawili ugenini na Espérance moja. Basi kombe likabaki Nairobi.

Maelezo hayo ni hoja, na kila sentensi yake imesimama juu ya ile iliyotangulia. Neno “basi” lina nguvu kwa sababu matokeo na kanuni viko karibu nalo. Hoja hiyo ikigawanywa katika aya tano zinazojitegemea, mhariri ataweza kuikata popote, na huenda akaikatia kwenye mabao 3-3. Shabiki ataambiwa nani alitwaa kombe, asiambiwe ni kwa nini.

Kadiri inayofaa

Haifai kudaiwa kwamba aya ndefu ndiyo dawa. Aya ya kwanza ya habari, inayotangaza matokeo, yafaa iwe sentensi moja, na orodha ya matokeo haihitaji aya hata kidogo. Safu bado ni nyembamba, na kioo cha simu, ambamo wengi husomea magazeti siku hizi, ni chembamba vilevile. Macho yanahitaji kupumzishwa. Lakini aya ya maneno 40 iliyonukuliwa hapo juu ni mistari kumi tu ya safu, na hakuna jicho linalochoshwa na mistari kumi.

Wala haifai kusemwa kwamba shabiki hana subira. Mashabiki wa Kenya walioisikiliza Sauti ya Kenya enzi za Leonard Mambo Mbotela walimfuata mtangazaji kwa dakika 90 pasipo kuuona uwanja. Mtangazaji hana aya wala nafasi nyeupe. Kilichowaongoza wasikilizaji ni vitenzi vilivyoshikana.

Kipimo kinachofaa, kwa hiyo, ni tukio. Shambulio moja, kuanzia pasi hadi matokeo yake, lipewe aya moja, iwe na sentensi tatu au tano. Tukio jipya lianzishe aya mpya. Mhariri anayetaka kukata atakata tukio zima, asiache kiungo cha mwili. Na mwalimu anayelipeleka gazeti darasani awaulize wanafunzi wake, kabla ya kuusifu ufupi wa aya zake, ni wapi -ka- zingekaa.