Moyo na Mji: Filamu Mbili za Pwani

Filamu mbili za hali halisi zinazoihusu pwani yetu zimepata sifa zake katika miji ya mbali. Ya kwanza ni New Moon, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Mwezi Mwandamo, kazi ya Philippa Ndisi-Herrmann. Ilitunukiwa kuwa filamu bora ya hali halisi katika tamasha la Durban la mwaka 2018. Ya pili ni The Letter, yaani Barua, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa katika tamasha la Amsterdam mwaka 2019. Moja yatoka Lamu, na nyingine kwa Wagiriama, bara ya Mombasa. Watazamaji wa Durban na Amsterdam walizipima kwa mizani yao. Wapenzi wa ushairi wa pwani tunayo ya kwetu, na matokeo yake si lazima yawe sawa na yao.

Ndisi-Herrmann alikwenda Lamu kutengeneza filamu juu ya bandari mpya, ile iliyowekewa jiwe la msingi mwezi Machi 2012. Akiwa kazini, akavutwa na imani ya watu aliokwenda kuwapiga picha. Akasilimu, akaifuata njia ya masufi, na kamera ikamfuata yeye. Bandari ikabaki nyuma. Tunachobakia nacho ni sauti yake ya upole ikijisaili juu ya picha za bahari na vichochoro, na sikatai kwamba picha hizo ni nzuri mno. Zimepigwa na mtu anayejua kungojea mwanga.

Wako watakaomlaumu kwa kuuweka moyo wake mbele. Mimi siungani nao. Fasihi ya visiwa vile imekuwa ikisema na moyo tangu zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, aliuhutubia moyo wake mwenyewe, akiuonya usihadaike na ulimwengu. Lakini moyo ule aliupeleka wapi? Aliupeleka Pate, akauzungusha katika magofu ya majumba ya matajiri, akauonyesha kuta zilizoanguka na kumbi zilizohamwa. Mji ndio ushahidi wake. Ondoa Pate katika utenzi ule na onyo lote litapoteza nguvu.

Hapo ndipo Mwezi Mwandamo inaponipa shaka. Mwongozaji ameupata moyo na kuupoteza mji. Mwaka ule ule filamu iliposhangiliwa Durban, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Gati la kwanza lilifunguliwa mwezi Mei 2021. Mvuvi ambaye kina cha bahari yake kimechimbwa na mikoko yake kukatwa naye ana moyo, naye huswali alfajiri kabla ya kushuka pwani. Kwa nini toba ya mgeni ipate saa nzima, na yeye apite kama kivuli? Watunzi wa tenzi walikuwa na adabu moja ambayo ningependa watengeneza filamu waijue: mtunzi hutaja jina lake mwishoni, kisa kikishakamilika.

Barua yajiweka mbali na kasoro hiyo. Lekow na King hatuwaoni. Tunamwona kijana anayeishi Mombasa, ambaye amepata habari kwa Facebook kwamba bibi yake, mkongwe wa zaidi ya miaka 90, anaitwa mchawi. Na barua ya vitisho imetoka ndani ya ukoo wenyewe. Kijana anarejea kijijini kuuliza. Anauliza polepole, kwa heshima, kama mjukuu apasavyo kuwauliza baba zake wadogo na shangazi zake, na upole huo ndio unaoitia filamu hofu. Hakuna anayepiga kelele. Nyuma ya uchawi inachomoza ardhi, na nyuma ya ardhi tamaa iliyovikwa joho la dini.

Mtazamaji wa pwani hapa anayo faida ambayo maandishi ya tafsiri hayawezi kuwapa wengine. Kigiriama ni ndugu wa Kiswahili: tunasikia nusu, nusu nyingine tunaikisia. Mchawi wetu ndiye mutsai wao. Ukilisikia neno hilo likitamkwa kwa sauti ya chini baina ya jamaa, unajua kwamba ni neno linaloweza kuua, na kweli limeua wazee wengi Kilifi. Ndiyo maana huko Ganze, katika Kaya Godoma, wazee waliokimbia makwao wamepewa hifadhi.

Nilipoitazama nilikumbuka pia desturi yetu ya kupelekeana nyaraka za mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi wa Lamu walirushiana maneno makali wakati miji yao imefarakana, lakini kila shairi lilitazamiwa kujibiwa, na aliyeshambuliwa alikuwa na zamu yake ya kusema. Barua aliyopelekewa bibi huyu haikuandikwa ili ijibiwe. Filamu ndiyo inayompa zamu hiyo.

Ningetamani ituambie zaidi juu ya ardhi yenyewe: hati za kumiliki zinatolewaje, na kwa nini mashamba ya pwani yamekuwa na thamani ya kuuana. Muziki nao mahali pengine unatuliwaza kabla hatujaumia. Lakini hayo nayasamehe kwa sababu ya picha zile za bibi shambani. Anainama na jembe lake, analima, wala hatazami kamera. Shamba analolilima ndilo wanalolitaka.